Boti ya jeti bila moto haina usukani

Swali: "Fundi, shikamoo. Niko Mtwapa. Kwa miaka tisa nilikuwa na boti ya faiba yenye mashine moja ya nje ya farasi 75, nikibeba wageni na familia yangu. Mwezi wa pili nimeagiza kutoka Dubai boti ya jeti iliyotumika, Yamaha ya futi 24 yenye injini mbili. Ikikimbia ni raha tupu. Ikienda polepole kwenye kreki inayumba kama mlevi, haishiki mstari. Nikiweka nyutro haitulii, inajitambalia. Gati nimeshaligonga mara mbili mbele ya wageni. Mafuta inakunywa, makelele usiseme, na tangu Jumamosi injini ya kushoto inapanda resi lakini boti haisogei inavyotakiwa. Je, nimebambikiwa? Niiuze nirudi kwenye propela?"

Marahaba, mwanangu.

Katika yote uliyoyataja, ugonjwa ni mmoja tu. Mengine ni tabia ya boti za aina hiyo, na ungeyakuta hata kwenye iliyotoka kiwandani jana. Ugonjwa ni hiyo injini ya kushoto, kwa hiyo naanza nayo. Usiikimbize tena mpaka umeifungua, maana kazi ya nusu saa inaweza kugeuka kazi ya wiki mbili.

Boti ya jeti inasukumwa na pampu inayofyonza maji chini na kuyarusha nyuma. Injini inayopanda resi bila boti kusogea maana yake pampu haishiki maji. Ama kuna kitu kimekwama, ama inavuta hewa, ama impela, yaani yale mapanga yanayozunguka ndani ya pampu, na ringi yake, ule ukuta wa duara unaoizunguka, vimelika. Wewe mwenyewe umesema "tangu Jumamosi". Ringi haiishi kwa siku moja. Inalika kidogo kidogo, na mwenye boti huwa wa mwisho kujua. Kinachotokea ghafla ni kitu kilichoingia.

Zima injini zote mbili. Chomoa kile kikamba cha usalama kwenye usukani, toa na funguo, vyote vitie mfukoni mwako, si mfukoni mwa kijana wako wa kazi. Kisha nenda nyuma kwenye jukwaa la kuogelea, fungua kifuniko, utaona vizibo viwili, kimoja juu ya kila pampu. Kabla hujatafuta kamba wala mwani, kiangalie kizibo cha kushoto kimekaaje. Kisipofungwa mpaka kikajifunga, shindo la maji hukiinua, maji yanachuruzika juu badala ya kwenda nyuma, na dalili ni hizo hizo ulizoniandikia. Nimeona mtu akivua pampu nzima, akaitandaza juu ya gunia, kumbe kizibo kilikuwa robo mzunguko tu.

Kama kimekaa sawasawa, kitoe. Washa tochi uangalie ndani kwanza, ndipo uingize mkono, na uuingize polepole, maana ncha za impela ni kali na humo hujishika chaza wadogo wanaokata kama wembe. Mara nyingi utakuta fundo la majani ya bahari, hasa siku za bamvua maji yanapoyang'oa na kuyaleta juu. Hayo yanatoka kwa vidole. Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na sisi Tanzania tukafuata Juni 2019, na kwa kweli mifuko imepungua baharini. Lakini gunia la mchele halikupigwa marufuku. Nilipokuwa karakana Maskati niliwahi kutoa uzi wa gunia kwenye shafti ya boti kama yako. Ulikuwa umejizungusha, ukapata joto, ukayeyuka, ukawa bomba gumu jeusi lenye unene wa kidole gumba. Kisu kilikataa. Niliukata kwa msumeno mwembamba, nusu saa nimelala ubavu, mafuta ya injini yananidondokea shingoni. Mwenye boti alikuwa ameendesha hivyo kutwa nzima akidhani ni petroli mbovu.

Usipokuta kitu, ipandishe kwenye trela, ingia chini na tochi. Tazama impela ndani ya ringi yake. Nafasi kati ya ncha ya impela na ukuta wa ringi haitakiwi kufika milimita moja. Chukua kadi ya benki ambayo muda wake umekwisha, jaribu kuipitisha hapo. Ikipita kwa raha, ringi imekwisha, ibadilishe. Na ncha zenyewe zipapase: ukihisi meno kama ya msumeno, kuna mawe au changarawe zimepita humo, pengine hata kabla boti haijapanda meli.

Ulipokuwa na mashine ya nje, kamba ikiingia ulikuwa unainua mguu wa mashine, unakata, unashusha, safari inaendelea, wageni hawajamaliza hata soda. Hapa huna mguu wa kuinua. Na usijidanganye kwamba ukipiga rivasi uchafu utatemwa. Kwenye boti yako impela haijui kurudi nyuma. Inazunguka upande ule ule tangu unapowasha hadi unapozima.

Hapo ndipo penye jibu la ile nyutro yako isiyotulia. Boti yako haina gia. Injini imeshikana na shafti moja kwa moja, na shafti imeshikana na impela, kwa hiyo injini ikizunguka maji yanatoka. Unapovuta mkono kwenda rivasi, kinachofanyika ni kibakuli cha chuma kushuka nyuma ya nozeli, lile bomba la nyuma linalorusha maji, na kuyarudisha maji yale yale mbele. Nyutro ni kibakuli kusimama katikati: maji kidogo yanakwenda nyuma, kidogo yanakwenda mbele, na fundi aliyefunga kebo amejaribu kuvilinganisha. Havilingani kamwe sawasawa, na upepo na mkondo navyo vina lao. Kama inatambaa mbele tu kila siku, kebo inaweza kurekebishwa. Lakini kuitarajia isimame kama ile ya zamani ni kumtaka samaki apande mnazi.

Na hapo pana jambo zito kuliko gati. Kwenye boti ya propela umezoea kumwambia mtu "ruka tu, niko nyutro", na propela kweli imesimama. Kwenye jeti, nyutro maana yake pampu inavuta. Chini ya boti, mbele kidogo ya pampu, kuna mdomo wenye grili, na unafyonza muda wote injini inapozunguka. Nywele ndefu, ushungi, kamba ya boya la kuogelea, mkia wa leso, vyote vinaweza kwenda humo. Sheria ya boti yako iwe moja: mtu akiwa majini nyuma ya boti, injini zimezimwa. Zimezimwa kabisa.

Sasa usukani. Hili ndilo litakaloamua kama utaipenda boti hii au utaiuza kwa hasara.

Mashine ya nje ina mguu mrefu ndani ya maji. Ukipunguza moto, yaani ukirudisha mkono wa resi, propela inalegea, lakini ule mguu umebaki majini ukifanya kazi ya usukani wa jahazi. Unazungusha gurudumu, boti inageuka, hata kama mashine imezimika. Miaka tisa mikono yako imejifunza hivyo: hatari ikitokea mbele, punguza moto, kata kona. Boti ya jeti haina mguu, haina propela, na chini karibu haina mkuku, ule uti wa chini ya chombo, wa maana. Kinachoigeuza ni maji yanayorushwa nyuma na ile nozeli inayokwenda kulia na kushoto. Ukiondoa moto umeondoa maji, na ukiondoa maji unazungusha gurudumu la mapambo. Boti inaendelea kuteleza pale pale ilikokuwa ikienda.

Mimi nililijua hili siku ya kwanza kabisa Maskati. Nilikuwa nimeendesha mashine za nje tangu nina miaka kumi na minne, nikajiona sina cha kufundishwa. Mwenye boti alikuwa amesimama ukingoni mwa gati na kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Nikaja vizuri, nikaondoa moto mapema kama mtu mwenye adabu, nikakata usukani kushoto ili nijilaze ubavuni. Boti ikaja moja kwa moja, kimya, bila haraka, kama punda aliyeamua. Nikakata zaidi. Nikakata mpaka gurudumu likagota. Ubavu ukaliramba gati kwa urefu wa kama pima moja, rangi ya bluu ikabaki kwenye zege. Yule bwana hakumwaga kahawa. Aliniambia neno moja tu, "Moto!", na mimi nikadhani boti inaungua.

Neno lile ndilo ninalokupa. Ukitaka kukwepa kitu, zungusha usukani na ubakize moto, au uongeze. Ngalawa ikijitokeza mbele yako na nyavu zake, mkono wako wa kulia utataka kurudisha moto wenyewe, bila kukuuliza. Huo mkono unahitaji kufundwa upya, na haufundwi kwa kusoma. Chukua dumu la lita 20, lifunge kamba na jiwe, likatupe katikati ya kreki asubuhi maji yakiwa yametulia, yasiwe yanakupwa wala kujaa kwa nguvu. Usibebe mgeni hata mmoja. Lijie lile dumu kwa mwendo wa wastani, na ukifika karibu zungusha usukani huku moto ukiwa pale pale. Rudia mara ishirini. Kisha fanya makusudi lile kosa: ondoa moto halafu uzungushe. Ulione lile dumu likipita chini ya omo, yaani mbele ya boti. Ukishaliona mara tatu, mwili utaelewa.

Dumu hilo hilo ndilo gati lako la mazoezi. Kwenye gati la kweli kosa lako, nadhani, ni lile lile langu: unakuja taratibu na moto umeondoka. Fanya hivi: zungusha usukani kwanza, kisha toa moto kidogo, sekunde moja au mbili, rudisha nyutro, subiri uone imefanya nini. Usukani kwanza, moto baadaye. Ukitanguliza moto, boti inakwenda mbele kabla haijageuka. Rivasi itumie kama breki, mapema na kwa upole. Una mikono miwili ya injini, na utasikia watu wakisema peleka wa kulia mbele na wa kushoto rivasi, boti itajizungusha hapo hapo kushoto. Ni kweli, ila pampu zako mbili zimekaribiana mno, kwa hiyo usitegemee itazunguka kwa kasi kama boti yenye propela mbili zilizoachana. Saidia na usukani. Na usukani wakati wa rivasi hautabiriki kwa maneno, mitambo inatofautiana; nenda kwenye dumu lako, piga rivasi, zungusha kulia, tazama tezi, yaani nyuma ya boti, linakwenda wapi, uliweke kichwani. Upepo wa kusi ukiwa mkali, lijie gati kutoka upande ambao upepo unakusukuma nje, maana boti hii ni nyepesi na haina kitu majini cha kuizuia isiburutwe.

Kule kuyumba kwenye mwendo mdogo nako kunatoka hapo hapo: hakuna mguu wala mkuku wa kushika mstari. Omo linakwenda kulia kidogo, unalirekebisha, linavuka kwenda kushoto, unalirekebisha zaidi, na sasa mlevi ni wewe. Dawa ni kuacha kulikimbiza. Chagua mkoko mmoja wa mbali, utazame huo badala ya omo, na usiguse usukani mpaka boti imetoka kweli kwenye mstari. Itapepesuka kulia na kushoto, lakini kwa jumla inakwenda unakotaka. Moto ukipanda kidogo inatulia. Yamaha wenyewe kwenye modeli za karibuni za futi 24 wameweka kama mapezi chini ya nozeli, yanayogeuka pamoja nayo, ili usukani ushike hata moto ukiwa mdogo. Kama yako ni ya zamani haina hayo, mapezi ya kuongeza yanauzwa na yanafungwa kwa boliti. Mimi huwashauri wanaobeba watu wayafunge. Tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Mahali pamoja ambapo sitaki ufanye majaribio ni kwenye mlango wa kreki wakati mawimbi yanakufuata nyuma. Wimbi likiinua tezi, mtu wa propela hupunguza moto aliache lipite, na mguu wa mashine unamshikia mstari. Ukifanya hivyo na jeti, unateremka uso wa wimbi huna usukani, omo linachimba, tezi linataka kupita mbele, na boti inalala ubavu kwa mawimbi. Bakiza moto wa kutosha upande wimbi ukae mgongoni kwake, uende nalo. Ukiona hali imezidi ujuzi wako, subiri nje maji yatulie. Wageni wakinung'unika, wanung'unike.

Makelele na mafuta nitayapitia haraka. Mashine yako ya nje ilikuwa inakimbia mizunguko elfu tano na kitu kwa dakika. Injini hizi zinafika karibu 7,500, na ziko ndani ya boti, chini ya makalio ya wageni. Hazikulia vibaya, ndivyo zinavyolia. Kuhusu mafuta, linganisha haki na haki. Yamaha nyingi za futi 24 zina injini mbili za lita 1.8, jumla kama farasi 360. Ulikuwa unalisha farasi 75, sasa unalisha zizi zima. Ni kweli vilevile kwamba pampu hupoteza nguvu kuliko propela, hasa kwenye mwendo mdogo na wa kati, kwa sababu inabidi iyavute maji, iyanyanyue, iyaminye, ndipo iyarushe. Mwendo ukiwa mkubwa pengo linapungua, maana hakuna mguu unaoburuzwa majini. Mahali pabaya kuliko pote ni pale omo limeinuka juu na boti haijapanda juu ya maji: unachoma mafuta mengi na huendi popote. Kwa hiyo ama nenda polepole kweli kweli, ama ipandishe upesi kisha urudishe moto kidogo mpaka itulie.

Hukuniuliza kuhusu maji mafupi, lakini nina hakika aliyekuuzia alikwambia "hii inapita hata kwenye maji ya goti". Kila muuzaji husema. Maneno hayo yana asili ya kweli. Boti ya jeti ya kisasa ilitengenezwa na mkulima wa New Zealand, Bill Hamilton, miaka ya 1950, shambani kwake Irishman Creek. Mito ya kwao ni mipana, ina kasi, imejaa kokoto, na kina chake mahali pengine hakikuzidi kifundo cha mguu. Propela isingemaliza hata siku. Ujanja uliofanya kazi ulikuwa kuyarusha maji nje juu ya usawa wa mto, badala ya chini ya boti. Mwaka 1960 boti zake zilipandisha mto Colorado, Marekani, kupitia lile bonde kuu la Grand Canyon kinyume na mkondo. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule aliyefika kilele cha Everest, aliupandisha mto Ganges kwa boti za jeti.

Sasa tazama masharti. Zile zilikuwa boti za mtoni, na zilikuwa zinapita juu ya maji mafupi zikiwa kwenye kasi, zikielea juu juu. Wewe una boti ya starehe, ya faiba, yenye mdomo wa kufyonza chini ya tumbo. Ukiiwasha juu ya fungu la mchanga maji yakiwa magotini, inafyonza mchanga kama mtoto anavyofyonza juisi kwa mrija. Mchanga unakwenda kusaga ringi na impela, na unapita hata kwenye njia za maji ya kupoza injini. Hesabu yangu ni futi 3 za maji chini ya boti kabla hujatia moto. Ukitaka kuwashusha watu kwenye fungu, zima mbali, iache iteleze, malizia kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Ukiondoka vivyo hivyo: sukuma kwa pondo mpaka maji yawe ya kifuani, ndipo uwashe. Pondo ni chombo cha lazima kwenye boti hii, pamoja na nanga iliyo tayari kutupwa. Boti ikizimika haina usukani hata chembe.

Jambo jingine la watu wa mashine ya nje: kuiacha boti ielee kreki wiki nzima. Zamani ulikuwa unainua mguu, propela inakaa juani, kavu. Sasa pampu, nozeli na grili vimo majini mchana na usiku, na maji ya kreki zetu ni ya moto. Baada ya majuma machache chaza na uchafu wa bahari vimeota mle ndani, mahali ambapo nafasi yenyewe haitoshi kupitisha kadi ya benki. Jeti ya baharini inataka trela. Na ukiitoa, angalia vipande vya zinki, vile vinavyoliwa na chumvi badala ya pampu. Vikiwa vimeliwa nusu, badilisha, la sivyo chumvi itahamia kwenye pampu.

Kuosha injini kwa maji yasiyo na chumvi ndiko kunakoua injini nyingi za watu waliotoka kwenye propela, kwa sababu mpango umegeuzwa. Mashine ya nje ulikuwa unafungulia maji ya mpira kwanza, ndipo unawasha. Kwenye hizi unawasha injini kwanza, halafu mara moja unafungulia maji. Ukimaliza, unafunga maji kwanza, unaiacha injini izunguke sekunde chache iteme yaliyobaki, ndipo unazima. Ukifungulia maji injini ikiwa imezima, yanajaa kwenye ekzosi na kurudi mpaka kwenye silinda, na siku ya pili ukiwasha, injini inagoma kuzunguka. Bila maji ya mpira usiiache izunguke nchi kavu zaidi ya sekunde 15. Mwandikie kijana wako kwenye ukuta wa banda kwa rangi: WASHA, MAJI. FUNGA MAJI, ZIMA.

Na la mwisho ambalo hukuuliza. Mashine yako ya nje ilikuwa inapumua hewa ya bahari. Petroli ikivuja, upepo unaichukua. Hizi ziko chumbani chini ya kifuniko, na mvuke wa petroli ni mzito, unakaa chini hapo hapo ukingoja cheche. Kuna feni ya chumba cha injini na swichi yake kwenye dashibodi. Iwashe dakika 4 kabla ya kuwasha injini, hasa baada ya kujaza mafuta, na kabla ya dakika hizo fungua kifuniko unuse kwa pua yako mwenyewe. Pua haina fyuzi.

Umeuliza uuze au la. Inategemea wageni wako wanataka nini. Kama kazi yako ni kuzungusha watu polepole kwenye mikoko jioni, au kuvua kwa kukokota chambo saa sita mfululizo, au kwenda mbali na kurudi kwa mafuta ya kuhesabu, basi jeti haikufai, na hakuna pezi wala mazoezi yatakayobadilisha hilo. Kama ni watoto kuruka na kupanda siku nzima, kuvuta maboya, kukimbia nje hadi kwenye maji ya buluu na kurudi, basi huna mfano wake: hakuna propela ya kumkata mtoto mguu wala kumpasua kasa mgongo, na jukwaa la nyuma ni kama baraza. Mimi ningekuwa wewe, na ile ya zamani bado haijauzwa, nisingeiuza. Wageni wa mikoko ningewapakia ile, na hii ningeiweka kwa familia na kwa wale wanaolipia kasi.

Ila hayo ni ya baadaye. Leo kafungue kizibo cha kushoto, uniandikie umekuta nini.